Mwito wa Saa Tisa na Dakika Arobaini

Mwenyekiti wa kijiji cha Kapalamsenga, mzee Salvatori, alipigiwa simu siku ya Jumapili, saa tisa na dakika arobaini na nane alasiri. Aliyepiga alikuwa Daktari Selestine wa Mpanda mjini, mwenye zahanati binafsi pale kijijini, iliyojengwa juu kidogo ya mwalo wa wavuvi wa ziwani. Daktari aliongea kama mtu aliyeishiwa pumzi. Alisema alikuwa anazungumza na Nesi Rosine wa zahanati hiyo kwa video, akamwona mwanamume aliyejifunga shuka na kushika fimbo anaingia nyuma yake, kisha picha ikakatika. Akamwomba mwenyekiti akimbie kuangalia.

Salvatori alikimbia na majirani wawili. Saa kumi kasoro dakika mbili walisukuma mlango wa chumba cha kutibia. Rosine alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza na kabati la dawa, kisogo kimepasuka. Pembeni yake palikuwa na fimbo ya mchungaji, nyeusi, yenye kirungu kichwani, imetapakaa damu. Kishikwambi alichokitumia kuongea na daktari hakikuwepo.

Ilipofika saa kumi na mbili kijiji kizima kilishajua fimbo ni ya nani, na kabla giza halijaingia boma la Machibya, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka tisa iliyopita, lilikuwa linawaka moto. Mwenyewe aliokolewa na mgambo, akafungiwa ofisi ya kijiji.

Mkaguzi Nyanzala wa upelelezi alifika Jumatatu saa nne asubuhi, gari likiendeshwa na Koplo Stanslaus. Watu walikuwa wamejaa mbele ya zahanati. Aliposhuka hakuna aliyemsalimia. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba serikali imeleta Msukuma aje kumchunguza Msukuma mwenzake, na wengine wakaitikia kwa kutema mate chini. Nyanzala alipita katikati yao bila kugeuza shingo. Maneno hayo alishayazoea tangu chuo cha polisi, ila kuyazoea hakukuyafanya yasiume.

Ndani aliandika alichokiona. Marehemu alivaa gauni jeupe la unesi, lenye mfuko mmoja kifuani upande wa kushoto, na kalamu nyekundu ndani yake. Mlango haukuvunjwa. Ukutani, nyuma ya kiti chake, kulikuwa na saa ya duara isiyo na namba, ina vistari tu, inatembea vizuri. Salvatori alieleza kwamba walipomkuta walitaka kumlaza vizuri kabla ya kumfunika kanga, lakini mkono wake uligoma kunyooka, wakauacha hivyo hivyo. Nyanzala aliandika na hilo. Jumapili zahanati hufungwa mpaka jioni, mwenyekiti aliongeza. Waliopita mchana walidhani nesi yuko kanisani au amepumzika.

Kuhusu ugomvi, kila mtu alikuwa na la kusema. Miaka miwili nyuma Daktari Selestine alileta huduma ya kutibu kwa video. Mwanzoni ilitaka programu ya kupakuliwa. Simu za watu zilikuwa zimejaa, bando likaliwa, huduma ikafa. Baadaye ikaja ya linki. Nesi anabonyeza, kivinjari kinafunguka, anaandika jina lake, na uso wa daktari unatokea palepale, bila kupakua kitu wala kujisajili. Kina mama waliokuwa wakisafiri hadi Mpanda kwa dakika tano za kumwona daktari wakaanza kutibiwa wakiwa wamebeba watoto wao mgongoni. Vijiji vingine vya ziwani vikaiomba.

Halafu, wiki tatu kabla ya Jumapili ile, Ng'washi binti ya Machibya alijifungua katika chumba kile, damu ikakataa kukatika, akafa kabla ya mapambazuko. Taarifa ya daktari ilisema nesi hakumpigia mpaka mambo yalipokuwa yameshaharibika. Machibya alisimama mwaloni mbele ya watu akasema nesi na kioo chake wamemuua mwanawe, na kwamba huyo nesi naye hatazeeka.

Stanslaus alifunga daftari lake. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

Katika ofisi ya kijiji, Machibya alikaa sakafuni ingawa kulikuwa na benchi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na lengelenge la moto. Nyanzala alimsalimia kwa Kisukuma. Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Umevaa nguo za serikali. Sema na mimi Kiswahili, hawa wenzako wasikie."

Akamuuliza kuhusu fimbo.

"Ni yangu. Niliiacha pale siku ile nilipombeba mwanangu. Mtu akibeba maiti hana mkono wa kushikia fimbo."

"Hukurudi kuichukua?"

"Ningerudi kufanya nini pale?"

"Jana saa tisa alasiri ulikuwa wapi?"

"Mbugani na ng'ombe. Peke yangu. Andika hivyo, mkanifunge."

Nyanzala alichuchumaa wawe sawa. Alimwambia kwamba watu walishachoma boma lake na watamwua yeye mwenyewe akitoka, kwa hiyo kama kuna neno linaloweza kumsaidia, aliseme sasa. Machibya alilitazama lengelenge la mkononi mwake. Kisha akasema, "Nyie mnaulizia jioni tu," akageukia ukuta. Hakusema tena hata walipompandisha kwenye gari kumpeleka mahabusu Mpanda.

Jumanne saa tatu asubuhi Nyanzala alikuwa mtaa wa Shanwe mjini Mpanda, kwenye kliniki ya Daktari Selestine. Daktari alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano hivi, shati limepigwa pasi, kucha safi. Alimwonyesha kiti bila kuinuka.

Alieleza bila kuyumba. Jumapili hafanyi kazi, lakini alikuja kliniki saa nane mchana kumalizia taarifa. Saa tisa na dakika thelathini na tatu alifungua mwito na Rosine kujadili dawa zilizopungua. Katikati ya maongezi alipiga skrinishoti, picha ya kilichokuwa kwenye kioo, kwa ajili ya taarifa ya mradi. Akasogeza karatasi mezani, picha aliyokwisha kuichapa. Rosine anaonekana kuanzia kifuani, ametazama mbele, mfuko wa gauni kifuani upande wake wa kulia na kalamu nyekundu imechungulia. Juu ya bega lake kuna saa ya ukutani. Mishale inasema saa tisa na dakika arobaini.

"Dakika mbili baadaye yule mtu akaingia," daktari alisema. "Mimi niko mbali kilomita mia na zaidi. Nilipiga kelele tu."

"Uso wake uliuona?"

"Niliona shuka na fimbo. Wewe ni Msukuma, siyo? Basi unajua nani anatembea na fimbo kama ile."

"Nimekuuliza uso, daktari."

"Na mimi nimekujibu. Mkuu wako ni rafiki yangu. Nitashangaa kama hili faili litachelewa."

Nyanzala alimshukuru, akachukua picha, akatoka. Kwenye mapokezi alikuwepo Emerensiana, mama wa makamo ambaye hupokea wagonjwa na kufanya usafi. Alithibitisha kwamba Jumapili aliitwa kufagia, na daktari alikuwa ofisini kuanzia saa nane, gari lake limejaa vumbi jekundu mpaka juu ya kioo, akaambiwa alioshe. Akamsikia akiongea na kompyuta, anaita Rosine, Rosine. Kompyuta yenyewe, alisema, ilipiga mluzi mkali wa ajabu mpaka akaziba masikio.

"Huwa inapiga mluzi?"

"Miaka miwili sijawahi kuusikia. Sasa afande, ukimaliza naomba niendelee, daktari hapendi nikisimama na polisi."

Mchana Nyanzala alimpigia Zuhra, binti wa mfanyabiashara wa mjini aliyesomea kompyuta na kuutengeneza mfumo ule. Zuhra aliongea kwa mkato. Polisi walishamchukulia kompyuta mara moja kwa kesi isiyomhusu na kuirudisha imevunjika. Alisema kumbukumbu zinaonyesha Jumapili, kuanzia saa tisa na dakika thelathini na tatu hadi arobaini na mbili, kulikuwa na mwito wenye watu wawili, Dk. Selestine na Nesi Rosine. Kishikwambi kilikuwa kilekile cha zahanati. Akakata simu.

Kila kitu kilikubaliana. Jioni mkuu wake alimwita akamwambia mjini wanasema anamkinga mtu wa kwao. Alimpa hadi Ijumaa. Nyanzala alijibu ndiyo afande. Lakini alilala na maneno ya Machibya: mnaulizia jioni tu.

Jumatano saa nne asubuhi alitakiwa kumweleza wakili wa serikali aliyekuwa Sumbawanga hatua za kesi. Siku hizi hawasafiri kwa jambo kama hilo. Wakili alituma linki, Nyanzala akaibonyeza kwenye kishikwambi cha ofisi, kivinjari kikamwomba ruhusa ya kamera na maikrofoni, akakubali. Alikuwa amevaa sare rasmi. Kwenye kijidirisha chake alijiona, na akaona kibati cha jina lake kimeandikwa kinyumenyume, herufi zote zimepinduka, tena kimehamia kifua cha upande mwingine.

Alimwomba radhi wakili, akisema kamera imeharibika, jina lake linasomeka kinyume.

"Kwangu linasomeka vizuri kabisa," wakili alijibu. "Nyanzala. Ukijitazama mwenyewe unajiona kama kwenye kioo cha kunyolea. Wenzako ndio tunakuona ulivyo. Tuendelee, nina kesi saa tano."

Waliendelea, ingawa baadaye hakukumbuka alichosema. Mwito ulipokwisha alitoa picha ya daktari kwenye faili. Mfuko wa Rosine ulikuwa kifua cha kulia. Kwenye maiti aliuona kushoto, na aliuandika kushoto kwa mkono wake mwenyewe.

Alikwenda dirishani, akaigeuza karatasi, mgongo wake ukamwelekea, akaibandika kwenye kioo. Jua la saa tano likapenya. Mfuko ukarudi kushoto mahali pake. Saa nayo ikageuka. Mshale mfupi na mshale mrefu ilibadilishana upande, na sasa haikusema tena saa tisa na dakika arobaini. Ilisema saa mbili na dakika ishirini.

Nyanzala alisimama pale mpaka Stanslaus akamuuliza kama anaumwa. Alimwonyesha. Koplo alitazama, akaitoa karatasi, akaiweka tena, akashusha pumzi.

"Kwa hiyo hii picha haikupigwa Mpanda," alisema polepole.

"Mtu aliyeipiga alishika kishikwambi cha Rosine. Alikuwa naye chumbani, saa mbili na dakika ishirini. Na mkono wa marehemu uligoma kunyooka saa kumi kasoro. Mtu aliyekufa dakika kumi na tano zilizopita hagandi, Stanslaus. Alikuwa amekufa tangu asubuhi."

Walikwenda kwa Zuhra wote wawili. Aliwapokea mlangoni, mikono kifuani, hakuwakaribisha kukaa. Nyanzala hakumwomba kompyuta. Alimuuliza tu kwa nini vyombo viwili vikiongea kwa video vinaweza kupiga mluzi.

Zuhra alilegeza mikono. Alisema hiyo hutokea vyombo vikiwa chumba kimoja. Maikrofoni ya hiki inasikia spika ya kile, sauti inazunguka na kuzunguka mpaka inalia. Kisha akafungua kompyuta yake mwenyewe bila kuombwa, akasoma kwa dakika kadhaa. Nyanzala aliona rangi ikibadilika usoni kwake.

"Vivinjari vina tabia moja," Zuhra alisema. "Mfumo wangu kazi yake ni kuvitambulisha tu. Vikigundua viko kwenye waifai moja, vinaachana na mimi, vinaongea vyenyewe humohumo ndani. Mwito wa Kapalamsenga haujawahi kufanya hivyo hata mara moja, hauwezi. Wa Jumapili ulifanya. Kile kishikwambi kilikuwa kwenye waifai ya kliniki, Shanwe."

"Na jina la Rosine?"

"Jina unaliandika mwenyewe unapoingia. Ndiyo maana watu waliupenda huu mfumo, hauna masharti." Akaongeza kwa ukali, "Mliniuliza kama kulikuwa na mwito. Hamkuniuliza ulitoka wapi."

Nyanzala alimuuliza jambo la mwisho: usiku aliofariki Ng'washi, nesi alipiga au hakupiga? Zuhra alisoma. Rosine alifungua chumba cha video mara nne, saa tatu, saa tatu na nusu, saa nne, na saa nne na dakika ishirini. Mara tatu alikaa peke yake. Mara ya nne daktari aliingia kwa simu, kamera imezimwa, akakaa dakika moja na nusu.

Alasiri hiyo Stanslaus alikwenda geti la mazao ya misitu, kwenye njia ya kwenda ziwani, ambako kila gari la mizigo huandikwa. Alirudi na namba. Pikapu ya Daktari Selestine, Jumapili, ilipita kurudi Mpanda saa nne na dakika hamsini asubuhi.

Nyanzala aliingia mahabusu peke yake. Alimweleza Machibya alichokipata, kwa Kiswahili, kama mzee alivyotaka. Machibya alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwamba nesi alimtumia ujumbe: aje Jumapili wakati watu wako misani, amsikilizishe kwa masikio yake yaliyotokea usiku ule. Alikwenda. Nyuma ya zahanati aliikuta pikapu ya daktari. Akadhani wamepanga wote wawili kumdanganya, akageuza njia.

"Kwa nini hukusema?"

"Fimbo yangu ina damu, halafu niseme nilikuwepo?" Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Wewe ungeniamini?"

Nyanzala alijua kwamba siku ile ya Jumatatu asingemwamini.

Alhamisi saa tisa na nusu alasiri alikuwa Kapalamsenga, amekaa kwenye kiti cha Rosine, chini ya saa ya ukutani. Mzee Salvatori na watu wapatao kumi walisimama ukutani upande usioonekana kwenye kamera. Walikuja kwa shingo upande. Mwenyekiti ndiye aliyewalazimisha. Kule Shanwe, Stanslaus na askari wawili walikuwa mapokezi na Emerensiana. Nyanzala alimtumia daktari linki, akisema ni maelezo mafupi ya kufungia faili.

Uso wa daktari ulitokea, umetulia, kikombe cha chai mkononi.

"Naona umekaa mahali pake," alisema. "Siyo vizuri."

"Sitakuchelewesha. Saa iliyo nyuma yangu inasema saa ngapi?"

Maneno yalichelewa kidogo kufika, kama kawaida ya mwito wa ziwani. "Saa tisa na dakika arobaini. Unataka kunionyesha nini?"

"Hapa kwangu, kwenye kijidirisha changu, inasema saa mbili na dakika ishirini. Napiga skrinishoti nikutumie. Linganisha na ile uliyonipa."

Daktari aliweka kikombe chini. Alisema picha zinaweza kugeuzwa na yeyote mwenye simu, na kwamba mahakama haitasikiliza mchezo wa vioo.

"Gari lako lilipita geti saa nne na dakika hamsini asubuhi, linatoka huku. Kishikwambi cha Rosine kilikuwa kwenye waifai yako saa tisa na nusu, na Emerensiana alisikia mluzi wa vyombo viwili ndani ya chumba kimoja. Maiti ilikuwa imeshakakamaa ilipokutwa. Na usiku wa Ng'washi, Rosine alikuita mara nne."

Nyuma ya kamera watu waliguna. Mzee Salvatori alinyoosha mkono kuwanyamazisha.

"Nani yuko hapo?" daktari aliuliza.

"Watu waliochoma boma la Machibya. Wanataka kusikia pia."

Kamera yake ikazimika. Mahali pa uso pakabaki weusi na herufi mbili za jina lake. Nyanzala alidhani amekimbia, akashika simu kumpigia Stanslaus. Lakini sauti ikaja, ya chini, haina tena ule mkato wake.

Alisema usiku ule alikuwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa dada yake anayeolewa, amekunywa, muziki uko juu. Aliona miito akaipuuza. Alipoingia mara ya nne alizima kamera ili Rosine asimwone alivyo. Nesi alimwambia damu ni nyingi, ampeleke wapi, afanye nini. Akamjibu asubiri asubuhi. Ndivyo alivyosema, asubiri asubuhi. Mgonjwa alipokufa aliandika kwamba alichelewa kupigiwa, kwa sababu vijiji sita vilikuwa vinasubiri huduma ile na jina lake ndilo lililokuwa mlangoni.

"Halafu?" Nyanzala aliuliza.

"Alirekodi. Kumbe alikuwa anarekodi yote. Alinipigia Jumamosi akasema kesho atamsikilizisha yule mzee, na mimi nijiandae. Nikaja. Nikamwambia tujaribu kamera, nahitaji picha ya taarifa, ili nishike kishikwambi niitafute ile rekodi. Akagundua. Akakivuta. Fimbo ilikuwa imeegemezwa kabatini."

"Akiwa amekupa kisogo."

Hilo daktari alilipita. Alisema kwamba alipoitazama ile picha njiani ndipo alipoona saa imegeuka, akajua ameokoka. Alisema neno hilo, ameokoka. Kisha ukasikika mlango, na sauti ya Stanslaus ikimtaka aweke mikono mezani, na mwito ukafungwa kutoka upande wa pili.

Nyanzala alizima kishikwambi. Yule mama aliyesema maneno siku ya Jumatatu alikuwepo. Aliangalia sakafu, akapita mlangoni, akaenda zake. Wengine wakamfuata mmojammoja. Mzee Salvatori peke yake ndiye aliyebaki, akauliza kama Machibya atarudi kuishi palepale. Nyanzala akamwambia hilo swali wajiulize wao.

Kishikwambi kilipatikana ndani ya sanduku la spana za pikapu, kimefungwa kwenye taulo. Rekodi ilikuwemo.

Machibya aliachiwa Ijumaa. Hakwenda moja kwa moja stendi. Alikuja ofisini kwa Nyanzala, akasimama mlangoni, akasema anataka kuisikia. Nyanzala alimweleza kwamba ni kielelezo cha kesi, halafu kwamba ni nzito, mwanawe anasikika ndani yake. Mzee hakuondoka. Basi Nyanzala akafunga mlango, akaweka kishikwambi mezani, akakibonyeza.

Ilianza na Ng'washi akilia kwa Kisukuma, anamwita mama yake aliyekwisha kufa. Kisha muziki, mbali. Kisha sauti ya Rosine, ya mtu anayejizuia asipige kelele: daktari, washa kamera umwone, nakuomba, washa kamera, nataka gari la kumpeleka Mpanda sasa hivi. Na sauti ya mwanamume: asubiri asubuhi. Baada ya hapo daktari hakuwepo tena, lakini Rosine hakuzima. Alisikika anahangaika, anavuta kitu, anamwambia Ng'washi amshike mkono, anamwambia yupo, haendi popote. Iliendelea hivyo dakika nyingi.

Ilipokwisha Machibya alibaki ameshika ukingo wa meza kwa mkono ulioungua.

"Nilimtukana mbele ya watu," alisema, na safari hii alisema kwa Kisukuma. "Mwaloni, watu wote wanasikia. Nitakwenda kusema wapi sasa?"

Nyanzala alifikiri kumwambia mahakamani, kwa sababu ataitwa kuwa shahidi, na hilo lingekuwa kweli. Hakulisema. Alivuta kiti kingine, akakaa upande wake wa meza, na mzee alipoomba arudishiwe pale nesi anaposema haendi popote, alimrudishia.